Hema la Arusi kwenye Maji ya Moto

Mji mzima wa Kamembe, huko Rwanda, ulicheka siku Nasiba alipopakia hema la arusi kwenye kamioneti na kusema analipeleka porini. Hema lile alilishona mumewe, fundi Mudathiru, kwa mkono wake mwenyewe, mistari ya kijani na nyeupe, na katika mtaa wa Waislamu hakuna aliyeoa wala kufiwa bila watu wake kukaa chini yake. Sasa fundi mwenyewe alikuwa amelazwa juu ya hema lililokunjwa, ubavu wa kulia umekufa na mdomo umekwenda upande. Ugonjwa wa kupooza ulimkuta kwenye cherehani, mchana kweupe, anashona suruali ya mtu, na tangu siku ile hakuwa amesema neno. Hospitalini walimpa vidonge wakamwambia akapumzike nyumbani, kana kwamba mtu aliyekufa nusu anangoja kuambiwa apumzike.

Nasiba hakuwa mtu wa kungoja. Kule chini, upande wa Bugarama, kuna maji yanayotoka ardhini yakiwa ya moto, na watu wanapaita Amashyuza. Wagonjwa wa viungo huteremka kule kiangazi, wanajenga vibanda kandokando ya maji na kukaa wakioga mpaka mwili ulegee au chakula kiishe. Wanatoka Mururu, Nzahaha, Burundi, hata Kongo, ng'ambo ya mto Rusizi. Wengi wao hulala chini ya shitingi, yale maturubai ya plastiki ya wakimbizi ambayo tangu vita ya mwaka wa tisini na nne yamekuwa paa la kila kitu, kuanzia choo mpaka kanisa. Nasiba aliapa kwamba mtu aliyeshona hema la kukaa watu mia hatalala chini ya shitingi maadamu yeye yu hai. Basi wakalisimamisha, nguzo zake ndefu na kamba zake zote, katikati ya vibanda vya majani, mwezi wa saba mwaka wa tisini na nane. Wagonjwa nao walicheka. Wakauliza bibi arusi yuko wapi. Lakini jua la Bugarama halina utani, na ilipofika adhuhuri walianza kuja mmoja mmoja kuomba kivuli.

Aliyekuwa na sauti kubwa pale alikuwa Mukakalisa, mama wa Mururu mwenye magoti mabovu, aliyekuja kila kiangazi kabla ya vita na baada ya vita. Hakuna aliyemchagua. Yeye ndiye aliyekuwa akisema nani aingie majini kwanza, tope gani lipakwe wapi, na kwamba watu wasigombane wakiwa ndani ya maji. Na kulikuwa na sharti moja alilolishika kuliko yote: mgonjwa anayeoga haambiwi habari mbaya. Akiambiwa, alisema, moyo unaruka, damu inakimbia, na maji yote aliyooga yanageuka bure. Mwaka ule mzee Munyemana wa Nzahaha alifiwa na ng'ombe wake wa maziwa huko nyumbani, na mkewe akaja na habari hiyo kifuani, akakaa nayo. Kila asubuhi Munyemana aliuliza ng'ombe anaendeleaje, na kila asubuhi mkewe alijibu kwamba anakula vizuri. Watu wa vibandani waliinamisha nyuso wasicheke. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeona ubaya.

Nasiba aliona upuuzi, na alisema. Alikuwa na mdomo, huyo mama, na kule Kamembe walikuwa wakisema juu yake kwamba maji ya moto hayachomi nyumba, maana angefoka asubuhi na jioni ungemkuta anakupikia uji. Alimwambia Mukakalisa kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Mukakalisa akamjibu kwa upole kwamba hapa hawafichi maradhi, maradhi wote wanayaona. Jibu hilo lilimkera Nasiba siku nzima.

Wakati huo ndipo alipofika Véronique Ntabaza kutoka Bukavu. Alikuwa mfanyabiashara wa kuvuka mpaka, mwembamba, mwepesi wa miguu, na nyuma yake mwanamume aliyemlipa alikuwa akisukuma baiskeli. Juu ya baiskeli, amefungwa kwa mipira kama gunia la mchele, alikaa baba yake, mzee Donatien, amevaa koti jeusi na kofia, anasalimia watu kwa heshima zote. Shitingi yao ilikuwa imeibiwa njiani. Nasiba aliwatazama, akatazama hema lake, akanung'unika kwamba yeye hakufungua hoteli. Kisha akatundika kitenge katikati na kuwapa upande wa mashariki.

Donatien alikuwa mwashi. Nusu ya mabomba ya moshi ya nyumba za zamani za Bukavu, alisema, aliyajenga yeye. Miguu yake iliharibika miaka miwili nyuma, wakati wa vita ya kwanza ya Kongo, mji ulipoangushwa, alipojificha na binti yake kwenye kinamasi na maji yakiwafika kiunoni huku risasi zikipita juu ya matete. Walipotoka, miguu ilikuwa na ganzi, na ganzi haikutoka tena. Tangu hapo hata mlango ukigongwa kwa nguvu, mzee alitetemeka mwili mzima. Na kwa bahati mbaya, nyuma ya vilima vya Bugarama kulikuwa na machimbo ya mawe ya simenti, na mchana walikuwa wakipasua mwamba kwa baruti. Mlio wa kwanza aliousikia akiwa pale, mzee alijikunja chini ya blanketi na kulia kama mtoto. Véronique alimshika kichwa akamwambia ni mawe tu, wanapasua mawe, papa, ni kazi kama yako. Ikachukua siku kadhaa. Baadaye alizoea, hata akawa anasikiliza kichwa kimeinama na kusema kwamba leo wamepasua vizuri.

Kwa hiyo Nasiba alijikuta na wanaume wawili wa kupakwa tope. Aliwafanyia wote sawa, akiwasugua miguu kwa matope ya uvuguvugu mpaka mikono yake ikafa ganzi yenyewe, huku akimgombeza Donatien kwa tumbaku yake na kwa kupiga ishara ya msalaba ndani ya hema la Waislamu. Donatien hakukasirika. Kwa Mudathiru alipata alichokuwa akikitafuta maisha yake yote, yaani msikilizaji asiyeweza kuondoka. Alimsimulia mabomba ya moshi, bomba kwa bomba. Mudathiru alimtazama kwa jicho lake zima, na wakati mwingine upande ule mzuri wa mdomo ulipanda kidogo, na Nasiba akiona hivyo alitoka nje ya hema ili asionekane analia. Kila sala aliomba kitu kimoja: neno moja tu kutoka mdomo ule, hata likiwa tusi.

Mwisho wa mwezi unga wa Véronique ulikwisha. Zaidi ya unga, alikuwa amemwacha mtoto wake Chloé kwa jirani huko Kadutu, mtaa wao wa Bukavu, na jirani alikuwa ametuma salamu kwamba mtoto anakataa kula. Alisema ataenda Bukavu kwa njia ya Kamanyola, pale daraja la Rusizi linapovuka kutoka Bugarama, atamchukua mtoto, na siku ya soko atakuwa amerudi. Mzee alimwambia jambo moja tu, kwa Kiswahili cha kwao Bukavu.

"Véro, siku ya kurudi kwetu sitaki banifunge tena ku baiskeli."

Véronique alicheka, akamrekebisha kofia. Kisha akamvuta Nasiba nje, nyuma ya hema, na hapo hakucheka.

"Mama Nasiba, papa nakuachia. Ukimupa chakula ao usimupe, hiyo ni yako. Lakini habari ya vita asisikie. Ile vita njo yenye ilimukata miguu. Akisikia ingine, atakufa nayo."

Nasiba alisema atamkuta mzee pale pale alipomwacha. Alisema hivyo kwa ukali kidogo, kama mtu anayeona anasumbuliwa kwa jambo dogo. Alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi kupika.

Vita ya pili ilianza siku chache tu baadaye. Wanawake wa Kamanyola waliokuwa wakileta ndizi na samaki wa kukaushwa hawakuja. Malori ya askari yakaanza kupita barabara ya Bugarama mfululizo, vumbi likapanda mpaka juu ya mashamba ya mpunga. Mke wa Munyemana, mumewe akiwa majini, alisikia kwenye redio yake kwamba Bukavu kuna mapigano na mpaka umefungwa. Mukakalisa aliichukua redio ile, akatoa betri, akazitia katika kifundo cha kitenge chake. Akawaita wale wenye afya, wanawake karibu wote, nyuma ya mawe walipokuwa wakifulia nguo, na akasema neno lake. Wagonjwa wasijue. Na zaidi ya wagonjwa wote, yule mwashi.

Nasiba alisimama akapinga. Alisema mzee si mtoto, binti yake yuko ndani ya vita, na mtu ana haki ya kujua aombe dua gani. Wenzake walimtazama. Mukakalisa hakupandisha sauti. Alimuuliza kama yeye Nasiba alisahau maneno ya Véronique, na kama yuko tayari kwenda kumwambia mzee sasa hivi, akamwone akijikunja chini ya blanketi, na kama maji yakigeuka, yatageuka kwa Donatien peke yake au kwa kila aliyelala ndani ya hema lile. Hilo la mwisho lilimpata. Wiki ile kidole cha mkono wa kulia wa Mudathiru kilikuwa kimeanza kutikisika. Nasiba alikaa chini akaendelea kufua, akisugua nguo moja mpaka ikakaribia kutoboka.

Milio ya ng'ambo ilipoanza kusikika, ilikuwa mizito, ikija kwa upepo kutoka Kamanyola. Donatien aliinua kichwa. Kabla hajauliza, Mukakalisa alikuwa amekwisha kujibu: wanapasua mawe. Mzee akasikiliza. Akasema leo wanapasua mengi. Mukakalisa akasema serikali inataka barabara. Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika, maana barabara ni jambo jema, na akarudi kwenye hadithi yake. Mudathiru ndiye aliyekuwa hajarudi kwenye hadithi. Alikuwa anamtazama mkewe kwa lile jicho zima, na Nasiba alielewa kwamba yeye anajua, anasikia vizuri kabisa, na hana pa kulitia lile analolijua. Akageuza uso.

Siku ya soko ikapita bila Véronique. Ikapita na nyingine. Mzee akaanza kukataa chakula, na Mukakalisa, ambaye Mungu hakumnyima akili ya uongo, akaja na habari njema. Alisema wachuuzi wamemwona Véronique. Yuko ng'ambo ya daraja, pale Kamanyola, amepata biashara nzuri ya vitenge, hawezi kuiacha, na mtoto yuko naye mzima. Akimaliza mzigo atavuka. Donatien alisikiliza yote. Kisha akamgeukia Nasiba, kwa sababu alikuwa amejifunza kwamba mwanamke huyu husema ukweli hata pasipotakiwa.

"Mama Nasiba, ni kweli?"

Nasiba alikuwa na bakuli la tope mkononi. Ni kweli, alisema, na akampaka tope kwenye goti.

Kuanzia siku hiyo mzee alikula. Alikula, akaoga, akadai asuguliwe mara mbili, na maji ambayo hayakujali kama watu wanasema uongo au ukweli yakafanya kazi yake. Vidole vya mguu wa kushoto vilianza kucheza. Baadaye goti likakunjika. Asubuhi moja Nasiba alirudi kutoka kuchota maji ya kunywa akamkuta amesimama wima, ameikumbatia nguzo ya katikati ya hema kama mlevi, kofia kichwani. Nasiba alipiga kigelegele ambacho kiliwaleta watu wote mbio wakidhani kuna msiba. Walipoona, nao walipiga vigelegele. Munyemana alicheza. Hata Mukakalisa alifuta macho kwa ile pembe ya kitenge yenye betri za redio. Nasiba alimtazama mumewe kwenye mkeka, na akaona haya kwa kuwa furaha yake ilikuwa imechanganyika na wivu.

Basi hema la arusi likawa uwanja wa mzee. Kutoka nguzo hii mpaka ile, halafu nguzo mbili, halafu kulizunguka lote kwa ndani akishika kamba. Alijikwaa, alianguka, alitukana kwa Kimashi, lugha ya kwao, na kuomba radhi kwa Kifaransa. Nasiba alitembea nyuma yake mikono mbele kama anamfundisha mtoto, na alimsukuma asipumzike. Alikuwa anamwona Véronique akirudi na kukuta jambo lile. Kwa kweli ndicho kitu pekee kilichokuwa kikimpa usingizi, kwa sababu habari za ng'ambo, zile chache zilizofika, zilikuwa za vijiji vilivyochomwa na watu waliokwenda mahali wasirudi.

Asubuhi ya siku ya soko wanawake wote walikwenda kuoga mapema ili wawahi soko. Nasiba alikuwa amewaacha wanaume wake wawili hemani na chai. Donatien alikunywa yake, akavaa koti jeusi, akapangusa kofia kwa mkono wa koti. Kisha akainama, polepole, mpaka usawa wa mkeka wa Mudathiru.

"Weye fundi njo muntu wa kuchunga siri," alisema. "Naenda kumupokea Véro ku daraja. Nataka anione nasimama."

Akacheka kwa utani wake mwenyewe, akamgusa bega, akatoka akishika fimbo aliyokuwa amejichongea. Mudathiru alifungua mdomo. Alitoa sauti kama ya mlango uliokwama. Alisukuma kwa ule upande wake hai, akajibingirisha mpaka uso ukawa kwenye majani, na kutoka pale alimwona mzee akipita kati ya vibanda, akimwinulia kofia kipofu aliyekuwa amekaa mlangoni, akapanda njia ya barabarani. Hakuna aliyemzuia. Waliobaki pale walikuwa wagonjwa, na wagonjwa hawakujua kuna sababu ya kumzuia.

Nasiba alirudi nywele zikiwa bado na maji. Alimkuta mumewe chini, akadhani ameanguka, akamrudisha mkekani. Alidhani anataka choo, akamletea chombo. Alidhani ana kiu. Mudathiru alisukuma kikombe kikamwagika, na jicho lake likawa na hasira ambayo mkewe hakuwahi kuiona tangu waoane. Alinyoosha mkono wa kushoto, akashika pembe ya kile kitenge kilichogawa hema, akakivuta mpaka kikaanguka. Nasiba akaona upande wa mashariki. Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri. Koti halikuwepo, wala kofia.

Alikimbia. Barabara ya Bugarama kiangazi ni vumbi tupu, na kila aliyemuuliza alikuwa amemwona mzee, na kila aliyemwona alitabasamu. Wanawake waliokuwa wakianika mpunga walisema amewasalimia, amewaambia anakwenda kumpokea mtoto wake. Kwenye mashine ya kukoboa walimpa kiti akapumzika, akawaonyesha goti lake. Milio ilikuwa inasikika kutoka ng'ambo, mmoja wao akamuuliza haogopi, naye akawacheka. Aliwaambia wanapasua mawe, wanatengeneza barabara. Walidhani ni utani wa mzee jasiri, wakacheka pamoja naye. Nasiba hakungoja wamalize, akaendelea kukimbia.

Kwenye daraja askari walikuwa wamezuia njia. Yule aliyesimama mbele alikuwa kijana mwenye adabu, akamwita mama. Alisema ndiyo, mzee amepita, amevuka kitambo. Amri ni kwamba hakuna anayeingia kutoka ng'ambo, lakini Mkongomani anayerudi kwao hazuiwi. Nasiba alimwambia yule ni mgonjwa, hajui kama kuna vita. Kijana alimtazama kama anayesikia jambo la kijinga. Kuna nani, aliuliza, asiyejua kama kuna vita? Nasiba aliomba avuke amfuate. Alikataliwa. Aliomba waite ng'ambo. Aliambiwa ng'ambo hakuna wa kuitwa. Alifoka kwa sauti yake yote ya Kamembe, akawatukana mpaka na mama zao, na askari walimwacha afoke, kwa maana walikuwa wamezoea. Rusizi ilikuwa inapita chini, nyembamba, ya rangi ya chai ya maziwa. Ng'ambo barabara ilipanda ikapinda nyuma ya miti, na haikuwa na mtu.

Alisimama pale mpaka wakamwambia aondoke.

Kiangazi kikaisha. Mukakalisa alirudi Mururu bila kumuaga Nasiba usoni, na betri za redio akaziacha juu ya jiwe. Munyemana alirudi Nzahaha, na bila shaka alipata habari za ng'ombe wake. Mawingu yalianza kukaa juu ya vilima, na jamaa za Kamembe walituma ujumbe kwamba kuna arusi, watu wanataka hema lao. Nasiba alijibu kwamba waoane chini ya shitingi. Véronique alikuwa amepewa ahadi kwamba atamkuta baba yake pale pale, na kama hema likiondoka, atamtafutia wapi? Kila siku ya soko alikwenda mpaka kwenye daraja. Hawakumruhusu kuvuka hata mara moja. Aliendelea kumwogesha mumewe, na Mudathiru aliendelea vizuri, mkono unakunja, mguu unaburuta. Kumwombea neno lile alikuwa amechoka, lakini mdomo ulikuwa umezoea dua, ukaendelea wenyewe.

Alikuwa anakaza kamba za hema kwa ajili ya mvua alipoona mwanamke anateremka njia ya barabarani na mtoto mgongoni. Alimjua kwa mwendo. Alikuwa amekonda, na mtoto, mkubwa wa kutembea, alikuwa amefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga.

Véronique alianza kueleza kutoka mbali, kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa. Walijificha, alisema, walilala kanisani, walilala chini ya ngazi za watu, hadi mpaka wa Bukavu ulipofunguliwa wakapita upande wa Kamembe.

"Njia ya Kamanyola niliogopa. Benye balipita kule hatujabaona tena."

Alimteremsha mtoto. Akaingia hemani, akaona blanketi lililokunjwa, akatoka. Alitazama upande wa maji, wagonjwa wachache waliobaki. Hakuwa na wasiwasi bado. Mtu asiyeweza kutembea hawezi kuwa mbali.

"Nani amemubeba papa?"

Nasiba alikuwa ameyapanga maneno yake tangu kiangazi. Alikuwa ameyasema peke yake kisimani, kwenye daraja, mbele ya moto. Yote yalipotea.

"Hakuna mwenye alimubeba," alisema. "Alitembea."

Uso wa Véronique ulifunguka wote. Alishika mdomo kwa mikono miwili, akacheka, machozi yakamtoka huku anacheka, akamkumbatia Nasiba kwa nguvu mpaka kilemba kikaanguka. Papa anatembea! Alimwambia mtoto, babu yako anatembea, Chloé, kwa miguu yake. Alitaka kujua ilikuwaje, siku gani, mguu upi ulianza. Akaingia tena hemani akagusa nguzo ya katikati, akauliza kama ni hii, na mtoto naye akaigusa. Nasiba alijibu kila swali, ndiyo, ni hii, ndiyo, wa kushoto ulianza, kwa sababu kila swali lililojibiwa lilisogeza mbele kidogo lile moja ambalo lilikuwa njiani.

"Na sasa ametembea kwenda wapi?" Véronique aliuliza, bado anatabasamu, anachungulia nje.

Nasiba hakuweza. Yeye aliyewatukana askari wenye bunduki alisimama na mdomo wazi, akasikia kitu kinasogea nyuma yake. Mudathiru alikuwa ameinuka kwenye mkeka, ameegemea mkono wake mbovu, shingo imesimama mishipa. Midomo yake ilikutana, ikaachana, ikakutana.

"Daraja," alisema Mudathiru.

Lilitoka zito na bovu, lakini lilikuwa neno zima, la kwanza. Nasiba alimrukia, akapiga magoti, akamziba mdomo kwa kiganja chake, ule mdomo aliouombea kila sala. Aliukandamiza kwa nguvu. Lakini Véronique alikuwa amekwisha kusikia.